Slaidi Saba, Tangi Moja: Kijitabu cha Kujifunza Kuandaa Wasilisho

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha mkazi wa Ngong, Kiserian, Rongai au Kitengela aliyeambiwa, "Wewe ndiwe utakayetuandalia slaidi za mkutano," akaitikia kwa kuona haya kukataa. Huenda ni katibu wa chama, mwalimu, kijana anayetafuta wateja, au mzazi aliyeteuliwa na wazazi wenzake. Si lazima uwe umesomea kompyuta. Ukiweza kuiwasha, kuandika kwa kibodi na kusogeza kipanya, yanayobaki yamo humu.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wazazi wa shule moja mtaani wanataka kununua tangi la kuvuna maji ya mvua. Shule tumeibuni, lakini haja si ya kubuni. Kajiado ni kaunti kavu, na aliyeishi Ngong au Kitengela anajua maana ya kusubiri boza la maji huku mitungi imepangwa mlangoni.

Shika neno hili moja: slaidi ni za wanaosikiliza, si za anayesema. Msemaji anayetaka maandishi ya kumkumbusha ayaandike kwenye karatasi yake. Ukutani paoneshwe tu kile ambacho macho ya wasikilizaji yanakihitaji.

1. SLAIDI ZILITOKA WAPI

Slaidi ni ukurasa mmoja unaooneshwa kwenye skrini au ukutani. Slaidi kadhaa zikipangwa kwa mfuatano huwa wasilisho. Zamani msemaji alibeba karatasi kubwa za kubandika ukutani, au plastiki angavu alizoziandika kwa mkono na kuziweka juu ya mashine yenye taa.

Programu ya PowerPoint ilianza kuuzwa mwaka 1987, kwa kompyuta za Macintosh, ikitoka kwa kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought. Mwaka huohuo Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Leo zipo nyingine zinazofanya kazi ileile. Google Slides hutumika bila malipo kwa kompyuta na kwa simu, na LibreOffice Impress huwekwa kwenye kompyuta bure na kufanya kazi bila intaneti. Ukiijua moja, umezijua zote. Vitufe hubadilisha mahali tu.

Usidhani kompyuta haijui Kiswahili. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Hata hivyo, kompyuta nyingi za saiba zetu zimewekwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kitufe chenye jina la Kiingereza tutakitaja kama utakavyokiona.

2. KABLA YA KUWASHA KOMPYUTA

Kazi ngumu ya slaidi hufanywa kwa kalamu. Ukikaa kwenye saiba bila kujua utakachosema, utalipia dakika za kuchagua rangi. Jibu kwanza maswali matatu:

• Nani watakuwepo? Wazazi 60 ukumbini si sawa na maafisa 5 mezani.
• Nimepewa dakika ngapi? Kama ni 10, toa 3 za maswali. Zinabaki 7, na slaidi 7 zinatosha.
• Nikimaliza, nataka wafanye nini? Wapige kura? Wachange? Watie sahihi? Kama huna jibu hapa, bado huna wasilisho.

Sasa chukua karatasi ya A4, uikunje katikati mara tatu. Ukiikunjua utaona vyumba vinane. Saba ni vya slaidi. Cha nane andika maswali unayotarajia kuulizwa. Katika kila chumba weka sentensi moja tu. Wazazi wetu wa tangi waliandika hivi:

1. Tangi la maji la shule yetu.
2. Leo maji tunayanunua.
3. Paa letu linaweza kutupa maji.
4. Tangi litakaa hapa.
5. Litagharimu kiasi hiki.
6. Nani atafanya nini, na lini.
7. Tunawaomba mkubali leo.

Zisome sentensi hizo kwa sauti, moja baada ya nyingine. Zikisimulia kisa kinachoeleweka bila picha wala rangi, nenda kwenye kompyuta. Zikikatika katikati, rudi kwenye karatasi. Karatasi haina ada ya dakika.

3. HATUA ZA KWANZA KWENYE KOMPYUTA

Hatua ya 1: Fungua na uhifadhi. Fungua programu, chagua wasilisho tupu, kisha kabla hujaandika neno hifadhi faili kwa kubonyeza Ctrl na S pamoja. Ipe jina linalojieleza, kama "Tangi-shule-Machi". Jina kama "Mpya mpya kabisa 2" litakupoteza siku ya mkutano. Rudia Ctrl na S kila baada ya dakika chache. Stima hazipigi hodi zikitaka kuondoka. Google Slides hujihifadhi yenyewe ikiwa umeunganishwa na intaneti.

Hatua ya 2: Ongeza slaidi. Bonyeza kitufe cha New Slide, au Ctrl na M. Upande wa kushoto utaona slaidi zako zikiwa picha ndogondogo. Kubadili mfuatano, ishike mojawapo kwa kipanya uivute juu au chini.

Hatua ya 3: Andika vichwa vyote kwanza. Pitia slaidi zote saba ukiandika zile sentensi za karatasi, kila moja juu ya slaidi yake. Usiweke kingine chochote. Ndani ya robo saa utakuwa na mifupa ya wasilisho lote.

Hatua ya 4: Jaza nyama. Sasa rudi kwenye slaidi moja moja. Fungua Insert ili kuingiza picha, jedwali au chati. Kila slaidi ipate kitu kimoja cha kutazamwa: picha moja, au namba moja, au chati moja.

Hatua ya 5: Jaribu. Bonyeza F5 na wasilisho litajaa skrini. Kwa Google Slides, tumia Ctrl na F5. Mshale wa kulia unakupeleka mbele, wa kushoto unakurudisha nyuma, na Esc inakutoa. Ukikosea wakati wa kuandaa, Ctrl na Z hutendua ulichofanya mwisho. Hakuna kosa la kuandika ambalo kitufe hicho hakiwezi kulisamehe, mradi umelikumbuka mapema.

4. SLAIDI MOJA, MARA MBILI

Tuitazame kwa karibu slaidi ya tatu ya wazazi wetu, kwa sababu ndiyo iliyobeba hoja. Mara ya kwanza waliiandika hivi:

"Kulingana na uchunguzi wa kamati ndogo ya maji, imebainika kwamba paa la jengo la madarasa lenye urefu wa mita 25 na upana wa mita 8 lina uwezo wa kukusanya kiasi kikubwa cha maji ya mvua endapo gata zitawekwa ipasavyo, na kwamba maji hayo yanaweza kupunguza kwa kiwango kikubwa gharama ambazo shule hutumia."

Hakuna uongo hapo, lakini nani ataisoma akiwa safu ya nyuma, mtoto mgongoni? Na "kiasi kikubwa" ni kiasi gani?

Wakarudi kwenye hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la mita 25 kwa mita 8 ni mita za mraba 200. Mvua ya milimita 10 ikilishukia huleta lita 2,000. Kuna maji yatakayomwagika, mengine yatalowesha mabati na kukauka. Wakatoa moja ya tano. Zikabaki lita 1,600. Gawa kwa mtungi wa lita 20, unapata mitungi 80.

Walipofanya mazoezi ya kwanza, slaidi ilikuwa imeandikwa "Lita 1,600". Mzee mmoja akamkatiza msemaji.

"Kijana, hizo lita ni mitungi mingapi?"

"Themanini, mzee."

"Basi andika themanini. Mtungi naujua uzito wake."

Mwishowe slaidi hiyo ya tatu ikawa picha ya paa la shule iliyopigwa kwa simu, na juu yake maneno machache:

MVUA MOJA NZURI = MITUNGI 80

Chini, kwa herufi ndogo kidogo: "Paa la mita 25 kwa 8, mvua ya milimita 10." Maelezo mengine yote yalihamia mdomoni mwa msemaji. Akaongeza kwamba tangi la lita 10,000 litajazwa na mvua ya milimita 63 hivi, kiasi ambacho si lazima kinyeshe siku moja. Masika yana miezi mitatu ya kukileta, Machi hadi Mei.

Hiyo ndiyo kazi ya kuandaa slaidi: kuitafuta namba, kisha kuitafsiri iwe kipimo ambacho msikilizaji anakishika kwa mkono wake.

Usiidharau kazi hiyo ukadhani ni ya urembo. Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikirejea duniani, na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Kipande cha povu kilikuwa kimeligonga bawa lake wakati wa kupaa. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwaonesha wakubwa slaidi kuhusu hatari hiyo. Habari nzito kuliko zote, kwamba kipande kilichogonga kilikuwa kikubwa mara 600 na zaidi kuliko vilivyofanyiwa majaribio, ilikaa chini kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya kichwa cha kutuliza moyo. Tume iliyochunguza ajali iliitaja slaidi hiyo katika ripoti yake. Jambo zito liweke juu, na uliandike kubwa.

5. HERUFI, RANGI NA PICHA

Ukumbi. Mikutano yetu mingi hufanywa mchana, ndani ya darasa au kanisa lenye madirisha makubwa yasiyo na pazia. Mwanga huo hula rangi hafifu. Tumia herufi nyeusi au za buluu iliyokolea juu ya nyeupe. Maandishi ya njano juu ya nyeupe hayataonekana na mtu.

Ukubwa. Kichwa kiwe saizi 36 au zaidi, na maandishi mengine yasishuke chini ya 24. Kipimo rahisi: rudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwenye kompyuta yako. Ukilazimika kukaza macho, wa safu ya nyuma hataona kitu.

Rangi zenye maana. Kuna watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Usiseme tu "nyekundu ni hasara, kijani ni faida"; andika neno lenyewe pembeni.

Chati. Ukilinganisha miezi au vitu, tumia chati ya pau. Ukigawanya kitu kizima katika sehemu chache, chati ya duara inafaa. Kwa bei za vitu vitatu, jedwali dogo latosha. Wazazi wetu walipata bei kwa maandishi kutoka maduka matatu ya vifaa na kuziweka kwenye jedwali la safu tatu: tangi, gata na mabomba, malipo ya fundi. Hakuna aliyeuliza kama bei imeongezwa chumvi.

Miondoko. Programu itakushawishi urushe maneno yaje yakizunguka. Mara ya kwanza watu hucheka, mara ya tatu wamechoka. Acha.

Picha. Picha ya mahali penyewe inashinda picha yoyote ya mtandaoni. Ukipiga uwanja wa shule yenu, vilima vya Ngong na mitambo yake ya upepo vikionekana nyuma, kila mzazi atapatambua. Picha ukitaka iongezeke ukubwa, ivute kwa pembe yake. Ukiivuta kwa ubavu watu watanenepa au kurefuka. Na kama umeichukua mtandaoni, hakikisha mwenyewe ameruhusu itumike, kisha mtaje.

Watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa binafsi za mtoto, na picha inayomtambulisha ni mojawapo. Piga tangi, paa na mifereji. Ukihitaji watoto, omba ruhusa kwanza, au wapige kwa mbali wakiwa wamegeuka.

6. LUGHA YA SLAIDI

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kwa hiyo hakuna ofisi itakayokosewa adabu kwa slaidi za Kiswahili. Andika kwa lugha ambayo walio mbele yako huitumia kuulizana bei sokoni. Ukumbi wenye wazee wengi wa Kimaasai, tafuta mtu wa kufasiri na umwoneshe slaidi siku moja kabla. Slaidi yenye maneno sita hufasirika vizuri. Yenye maneno sitini itamtoa jasho.

7. SIKU YA MKUTANO

Fika nusu saa mapema. Beba:

• faili kwenye flashi, na nakala nyingine kwenye barua pepe yako;
• nakala ya PDF, kwa sababu PDF haibadilishi herufi ikifunguliwa kwenye kompyuta ngeni;
• waya wa HDMI, na waya wa kuongezea soketi;
• karatasi chache zilizochapishwa, angalau slaidi ya hesabu na ya bei.

Projekta au runinga ikikataa kuonesha, bonyeza kitufe cha Windows na P pamoja, kisha chagua Duplicate ili skrini mbili zioneshe kitu kimoja. Watu wakianza kutazama ukuta badala ya kukusikiliza, bonyeza herufi B: ukuta utakuwa mweusi hadi uibonyeze tena. Hiyo B ni rafiki mkubwa wa msemaji, na wengi hawamjui.

Usiwape mgongo wasikilizaji ukisoma ukutani, wanajua kusoma. Sema sentensi ya kichwa kwa maneno yako, eleza, nyamaza kidogo, songa mbele.

Stima zikipotea, gawa zile karatasi na uendelee kuzungumza. Usiombe radhi kwa dakika tano.

8. UKIENDA KWENYE KIKAO CHA KAUNTI

Siku moja utataka kupeleka ombi la mtaa mbele ya serikali ya kaunti. Una haki hiyo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kurahisisha ushiriki wa umma, na kifungu cha 201 kinataja uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Anayezinduka mwezi Mei anakuta makadirio yameshaandikwa.

Vikaoni dakika ni chache na huenda pasiwe na projekta kabisa. Chapisha slaidi zako mbili kwa kila karatasi, uzigawe. Kisha acha barua iliyotiwa sahihi, yenye tarehe, namba za simu na ombi lenyewe. Slaidi huondoka na flashi yako. Barua ndiyo inayobaki kwenye faili ya afisa.

9. MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Sina kompyuta. Nifanyeje?
Google Slides hufanya kazi kwenye simu. Andika vichwa na uweke picha kwa simu, kisha umalizie kwenye saiba. Mpango wa serikali wa Ajira Digital pia hutoa mafunzo ya kompyuta bila malipo. Uliza kwa chifu au ofisi ya eneo bunge lako kama kuna kituo karibu.

Faili yangu ni kubwa mno, haitumiki.
Mara nyingi ni picha. Punguza ukubwa wake kabla ya kuziingiza, nawe utaokoa bando.

Nikiogopa kusimama mbele za watu?
Fanya mazoezi mara tatu: peke yako kwa sauti, mbele ya mtu wa nyumbani asiyejua habari yenyewe, kisha mbele ya kamati. Yule wa nyumbani akikuuliza swali, jibu lake liongeze kwenye karatasi yako.

JIKAGUE KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

□ Kila slaidi ina wazo moja.
□ Namba kubwa imegeuzwa kuwa kipimo ambacho watu wanakijua.
□ Maandishi yanasomeka kutoka safu ya nyuma.
□ Slaidi ya mwisho inasema wazi ninachoomba.
□ Nimepima muda kwa saa, si kwa kukisia.
□ Nina nakala mbili za faili na karatasi zilizochapishwa.

Bado limebaki jaribio moja. Zima kompyuta, simama mbele ya mtu wa nyumbani mwako, umweleze habari ya tangi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akikuelewa, uko tayari, na slaidi zako zitakusaidia. Asipokuelewa, usirudi kwenye rangi na herufi. Rudi kwenye ile karatasi ya vyumba vinane.